Fundi Anajibu: Separeta mpya, na oili bado inapotea

Assalamu alaikum wasomaji wetu. Safari hii barua nyingi zimekuja za kompresa, zile mashine za kukandamiza upepo, na karibu zote zinazunguka palepale, kwenye separeta ya oili, ile inayokaa juu ya tangi la oili au pembeni yake na kazi yake ni kutenga oili na upepo kabla upepo haujatoka kwenda kwenye kazi. Nimechagua zile ambazo naona zitamfaa na mwengine. Majina nimeyaacha, nimeweka mtaa tu.

Fundi assalamu alaikum. Mimi msimamizi kwenye kiwanda kidogo cha maji ya chupa huku Mtoni, tuna kompresa ya skrubu ya kilowati 22. Tangu baada ya Ramadhani imeanza kunywa oili, tunaongeza kama lita moja kila wiki na mapaipu ukiyafungua ndani yana oili. Fundi wetu akasema separeta imekufa, tukanunua mpya, ikatulia siku chache ikarudi vilevile. Sasa anataka tununue nyengine, eti hiyo ilikuwa feki. Bosi hataki kusikia. Tufanyeje? (Mtoni, Unguja)

Wa alaikum salaam ndugu yangu. Msinunue kwanza. Feki zipo kweli, siwezi kukataa, lakini separeta mpya ikishindwa ndani ya siku chache mara nyingi kosa si lake, kosa liko kwa kile kinachoiletea oili nyingi kupita kiasi au kile kinachotakiwa kuiondoa oili kisiiondoe, na mkiweka ya tatu na hiyo nayo itafanya hivyohivyo na pesa zishakwenda.

Kwanza mjue tatizo lenu ukubwa wake. Separeta isiyo na kasoro inaachia oili kama miligramu 3 kwenye kila mita moja ya ujazo wa hewa. Mashine ya kilowati 22 inatoa kama mita 3.5 za ujazo kwa dakika, ukipiga hesabu kwa saa 2000 za kazi inapotea kama lita moja na nusu tu. Sasa nyie lita nzima kwa wiki, hata kama mnaendesha usiku na mchana siku sita, hiyo ni karibu mara 10 ya inavyotakiwa. Na upepo wenyewe unaingia kwenye chupa za maji ya kunywa, kwahiyo hili si jambo la kulipeleka taratibu.

Sasa nifahamu inavyofanya kazi, mana ukishaelewa hapa utamsimamia fundi wako vizuri. Ndani ya kompresa ya skrubu oili inamwagwa makusudi kwenye zile skrubu mbili, inapoza, inalainisha na inaziba mwanya baina yao. Kinachotoka hapo ni hewa na oili vimechanganyika, vinaingia kwenye tangi kwa ubavu vikizunguka, na kwa kule kuzunguka na kugonga ukuta oili karibu yote inaanguka chini. Hiyo ni kazi ya tangi, separeta bado haijagusa kitu. Kinachobaki ni ukungu, chembe ndogo sana ambazo haziwezi kuanguka wenyewe, na hizo ndo za separeta: ndani yake kuna nyuzi nyembamba za kioo, chembe zinanasa, zinaungana, zinakuwa tone, tone linateremka mpaka kitakoni mwa separeta. Pale kitakoni oili ikikaa bila kuondoshwa inajaa, na ikijaa hewa inaibeba tena inatoka nayo nje, hapo hata separeta iwe ya dhahabu.

Kinachoiondoa ni mrija mwembamba unaoshuka katikati ya separeta mpaka karibu na kitako, unafyonza ile oili na kuirudisha kwenye skrubu. Huo mrija ndo wa mwanzo kuangaliwa, na mimi naamini kwenu ndo penye tatizo au jirani yake. Ncha yake ya chini inatakiwa iwe mbali na kitako milimita 2 au 3 tu. Fundi akifungua mfuniko akaupinda kidogo, au akaweka separeta ambayo ni ndefu kuliko ile ya asili, ule mwanya unakuwa sentimita moja, na sentimita moja ya oili inabaki pale haifyonzwi kamwe. Halafu njiani mrija una kitundu kidogo sana, milimita 1 au 2, na mara nyingi una kachujio kadogo na valvu ya kuzuia kurudi nyuma. Kipande kimoja tu cha gasketi ya zamani, ile inayowekwa chini ya mfuniko isivuje, au cha oili iliyoganda kinatosha kukiziba. Fungueni, toeni kile kitundu, kiangalieni kwenye mwanga, kipulizeni kwa upepo, na wala msikitoboe kikawa kikubwa, mana kikiwa kikubwa upepo unaopita humo ni upepo mliokwishaulipia umeme unarudi bure kwenye skrubu.

Mashine nyingi mrija huo una kipande cha kioo au cha plastiki inayoonyesha. Simama nao mashine ikiwa inabeba mzigo kamili uangalie dakika tatu nne. Oili ikipita kidogokidogo na mapovu ya hewa katikati, hiyo ndo afya. Ukiona pakavu hapatembei kitu na huku oili inatoka nje, pameziba. Ukiona umejaa oili tupu inakimbia bila povu hata moja, basi separeta inaletewa oili nyingi kuliko uwezo wake na kosa liko nyuma yake, kwenye tangi.

Na kwenye tangi cha kwanza ni wingi wa oili. Hapa nakuuliza wewe, hiyo lita ya kila wiki mnaiongeza mkiangalia kioo cha usawa wa oili cha tangi saa ngapi? Kuna mashine kitabu chake kinasema uangalie imezimwa na imetulia, nyengine inasema uangalie inafanya kazi, na mtu akikosea hapo anaongeza oili kwenye tangi ambalo lishajaa, ile nafasi ya kuzunguka inakuwa haipo, oili inapanda inaipiga separeta moja kwa moja. Mnaongeza inatoka, mnaongeza inatoka. Nimeona viwanda vinaishi hivyo mwaka mzima.

Cha pili ni ile valvu inayozuia presha isishuke, ipo kwenye mlango wa kutokea upepo baada ya separeta. Inatakiwa isifunguke mpaka tangi lifike kama bar 4 hivi. Sababu yake ni hii, hewa ikiwa na presha ndogo inatanuka, na ikitanuka inapita kwenye separeta kwa kasi kubwa, kasi ikizidi inanyakua matone inaondoka nayo. Valvu yenu ikiwa springi imechoka au kitako chake kimelika, kila asubuhi mnapowasha na mapaipu yakiwa matupu oili inakwenda nje. Kuijua si kazi: washeni huku mtandao wa upepo ukiwa mtupu na umefunguliwa, muangalie geji ya tangi. Ikicheza bar 2 wakati upepo unatoka, mshaipata.

Halafu povu. Oili ikichanganywa aina mbili inaweza kutoa povu, na nyengine za kisasa zikikutana na oili ya kawaida zinakuwa kama uji mzito, hapo hata filta inaziba. Oili ya injini ya gari usiitie kabisa, ina dawa ya kusafishia ambayo inashika maji na kutoa povu. Na umeme ukikatika ghafla mashine ikiwa inabeba mzigo, presha ya tangi inashuka kwa mara moja, ile hewa iliyoyeyuka ndani ya oili inafumka kama soda iliyotikiswa, povu linapanda mpaka kwenye separeta. Hilo hamuwezi kulizuia lakini oili safi ya aina moja inatulia upesi, oili chafu iliyochanganywa haitulii.

Kwahiyo utaratibu wenu ni huu, kesho angalieni usawa wa oili kwa kufuata kitabu, halafu mrija, halafu valvu, halafu mjue oili iliyomo ni ipi. Vyote hivyo ni nusu siku na gharama yake ni gasketi tu. Vikiwa sawa vyote na oili bado inatoka, hapo sasa mzungumze habari ya separeta. Na mpaka mmalize, huo upepo usiguse chupa bila ya kuwa na filta nzuri za mbele na zimebadilishwa, mana zile zilizopo zishalowa.

Kaka fundi naomba kuuliza, separeta inabadilishwa kwa saa au kwa presha? Msambazaji anasema saa 4000, kitabu kinasema mpaka 8000, fundi anasema subiri mpaka taa iwake. (Fumba)

Kwa presha, na saa ziwe mpaka wa mwisho. Separeta mpya ukiipima upepo unapoingia na unapotoka tofauti yake ni kama bar 0.2. Inavyoziba tofauti inapanda, na ikifika bar 0.8 agiza na ubadilishe, usingoje 1. Taa nyingi zinawaka kwenye 1 au karibu na hapo, na wakati huo ushalipa umeme mwingi: kila bar 1 ya ziada inayobebwa na mashine inaongeza kama asilimia 7 ya umeme wake. Sisi huku bili tunazijua.

Pima mashine ikiwa na mzigo kamili, sio ikiwa inapumzika. Na ukiweza tumia geji moja yenye viungo viwili na valvu za kuchagulia, usitumie geji mbili tofauti, mana geji mbili za bei rahisi zinaweza kutofautiana zenyewe kwa bar 0.3 na wewe ukadhani separeta imeziba au nzima wakati hujapima kitu. Andika kwenye daftari kila wiki, tarehe, saa za mashine na tofauti. Ikipanda polepole ni kawaida. Ikiruka kwa wiki moja, oili imeharibika au kuna vumbi limeingia.

Na hili watu wengi hawalijui: tofauti ikishuka ghafla, jana 0.6 leo 0.1, usifurahi. Separeta imechanika au gasketi imeachia, hewa imepata njia ya mkato. Zima uangalie, utakuta oili ishaanza kwenda nje.

Kuhusu saa 4000 au 8000, inategemea inavuta hewa gani. Wewe uko Fumba na kote huko kunajengwa, kuna vumbi la matofali na la mawe yanayosagwa, na lile jiwe letu likisagwa ni unga mwembamba sana. Unga unaopita kwenye filta ya hewa unaingia kwenye oili, na mwisho wa safari yake ni separeta. Nawaona watu wanabana pesa ya filta ya hewa, ambayo ndo rahisi kuliko zote, halafu wanaua separeta ambayo bei yake ni mara nyingi ya ile. Geuza mdomo wa kuvutia hewa uelekee upande ambao hakuna kazi ya vumbi, na filta ya hewa ibadilishe kabla ya wakati wa kitabu. Hapo hizo 4000 utazifika kwa raha, na ikiwa oili nzuri na joto liko sawa utapita.

Fundi shikamoo. Mimi niko mafunzoni kwenye karakana moja hapa Chake Chake. Tulifungua separeta nikakuta kwenye gasketi kuna vipini vya chuma kama vya stepla, nikadhani ni vya kushikia tu kiwandani, nikavitoa nikapaka silikoni ili isivuje. Mkubwa wangu kanikaripia lakini hakunambia sababu. Kosa langu nini? (Chake Chake, Pemba)

Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri kuuliza. Vile vipini ndo ulinzi wa maisha yako. Hewa na oili vikipita kwa kasi kwenye zile nyuzi za kioo vinajenga umeme tuli, unakusanyika kwenye separeta kidogokidogo. Gasketi ni kitu kisichopitisha umeme, kwahiyo separeta inakuwa imetengwa na tangi, umeme hauna pa kwenda. Kile kipini kinatoboa gasketi upande huu mpaka huu, kinagusa chuma cha separeta na chuma cha tangi, umeme unashuka ardhini bila mtu kujua. Ukikitoa, umeme unakusanyika mpaka urushe cheche, na humo ndani kuna ukungu wa oili, kuna joto la digrii 80 au 90, na hewa yenye presha. Moto ndani ya tangi la separeta ni jambo linalojulikana kwenye fani hii na ukitokea unapita mpaka kwenye mapaipu.

Silikoni nayo hivyohivyo, inatenga chuma na chuma, na vipande vyake vinavyominyika ndani ndo vile vinakwenda kuziba kitundu cha mrija niliyomwambia mwenzako wa Mtoni. Gasketi inawekwa kavu, basi. Ukiona inavuja ukiweka kavu, uso wa chuma haujasafishwa vizuri au mfuniko umepinda, tafuta hilo.

Ukifika karakana mwambie mkubwa wako muifungue tena muweke gasketi mpya zenye vipini. Kabla ya kufunga mfuniko chukua mita ya umeme uiweke kwenye kupima mgusano, ncha moja kwenye wavu wa chuma wa ndani ya separeta, nyengine kwenye tangi mahali pasipo rangi. Ilie. Isipolia usifunge.

Na kabla ya kufungua tangi lolote, zima umeme kabisa na ufunge kwa kufuli, funga valvu inayokwenda kwenye mtandao mana upepo wa tangi kubwa la nje unaweza kurudi nyuma, ngoja presha ishuke, halafu mfuniko wa kutilia oili ulegeze polepole usimame pembeni. Mifuniko mingi imetengenezwa ili ikilegea kidogo upepo uliobaki utoe sauti kwanza. Ukisikia unapuliza, acha, ngoja uishe. Geji ikisema sufuri usiiamini peke yake. Bolti za mfuniko kaza kwa kuvuka, hii na ya upande wa pili, kwa awamu, sio moja mpaka mwisho ndo uende nyengine.

Bwana fundi, separeta inaoshwa na petroli au dizeli? Kuna mtu kanambia inarudi kuwa mpya. (Saateni)

Hairudi. Zile nyuzi ni nyembamba na zimepangwa, ukiosha unazivuruga na uchafu unasukumwa ndani zaidi. Petroli ikibaki mle ndani halafu mashine ikapata moto ni hatari kubwa. Weka mpya.

Fundi, mimi napiga rangi magari Jang'ombe. Rangi ikikauka inakuja na vishimo vidogo vya duara hasa kwenye boneti, naambiwa ni oili kwenye upepo. Kompresa yangu ya pistoni, mikanda miwili. Niweke separeta gani? (Jang'ombe)

Kompresa yako haina separeta ya namna hii na haihitaji, hizo ni za skrubu. Kwenye pistoni oili inapita kwa ringi zilizolika, au umejaza oili kupita alama, au filta ya kuvutia hewa imeziba, ikiziba pistoni inavuta oili kutoka chini ili ipate cha kuvuta. Anza na filta, ni ya bei ndogo.

Kujua kama ni oili kweli chukua karatasi nyeupe au kioo safi, puliza upepo wa bunduki ya rangi bila rangi kwa dakika moja. Oili itabaki doa la mafuta, maji yatakauka yaende zake. Na wewe usishangae ukakuta ni vyote viwili, hasa masika hii.

Unachotaka ni filta ya kukusanya matone, iwekwe karibu na bunduki sio karibu na kompresa. Upepo ukitoka kwenye kompresa ni wa moto, maji na oili bado ni mvuke vinapita kwenye filta kama havipo, vikifika mbele vikipoa ndo vinakuwa matone, tena kwenye boneti la mtu. Paipu ya chuma ya mita kadhaa kabla ya filta inasaidia sana kupoza, ilazwe kwa mteremko kuelekea kompresa na tawi la kuchukulia upepo litoke juu ya paipu. Tangi lifungulie maji asubuhi na mchana. Na angalia pia kama kuna mtu anapuliza ile dawa ya kung'arisha tairi karibu na chumba cha rangi, silikoni yake inaleta vishimo vilevile na utailaumu kompresa bure.

Salamu fundi. Sisi tuna karakana ya mbao Wete, tuna kompresa ya skrubu kubwa tuliinunua imetumika. Oili yake imekuwa nyeupe kama maziwa na separeta tushaweka ya pili mwaka huu, tukiitoa ina kutu. Kazi yenyewe si nyingi, inafanya dakika kumi inazima. (Wete, Pemba)

Jibu umeliandika mwenyewe, dakika kumi inazima. Hayo ni maji.

Hewa yetu ina maji mengi. Siku ya digrii 30 na unyevu asilimia 80, kila mita moja ya ujazo ina kama gramu 24 za maji. Mashine ya kilowati 22 ikifanya kazi saa moja inavuta karibu lita 5 za maji kwa sura ya mvuke, wengi hawaamini mpaka wakinge ndoo kwenye valvu ya maji. Sasa hewa hiyo ukiikandamiza mpaka bar 7 maji yanaanza kutoka kwenye mvuke joto likiwa chini ya digrii 67 hivi. Mashine ikiwa juu ya hapo, inafanya kazi kwenye 80 au 85, maji yanapita kama mvuke yanatoka yakapoe nje. Mashine yenu inawashwa inafika 50, inazima, inapoa, na kila mara maji yanabaki ndani ya oili. Oili inakuwa maziwa, beringi zinakula kutu, separeta inakula kutu na nyuzi zinalowa.

Kitu cha kwanza, tangi likilala usiku kucha asubuhi kabla ya kuwasha fungua kidogo valvu ya chini ya tangi la oili, presha ikiwa sufuri, maji yatatoka mwanzo, ikianza kuja oili funga. Oili iliyokwisha kuwa nyeupe haiponi, imwageni na mbadilishe pamoja na filta yake na separeta. Pili, mpimwe ile valvu ya joto inayoipeleka oili kwenye rejeta ya kuipoza, ikikwama wazi oili inapozwa tangu mwanzo na mashine haifiki moto wake. Tatu, na hili ndo kubwa, mashine imewazidi. Kama kuna uwezekano wa kukusanya kazi ikafanya saa nzima mfululizo badala ya dakika kumi kumi fanyeni hivyo, au mnunue ndogo ya kutosha kazi yenu na hiyo muiuze. Separeta ya tatu mkiiweka kwenye hali hiyo itakula kutu vilevile.

Upande wa pili wa joto nao una ubaya wake, na nalisema kwa wale wenye mashine chumba kidogo kisichopita hewa. Oili kila ikizidi digrii 10 juu ya kiwango chake umri wake unakatika nusu, inageuka gundi na vanishi, na gundi hiyo inaishia kwenye separeta. Hewa ya moto itolewe nje kwa njia yake, isizunguke humohumo ikavutwa tena.

Mjomba, tuna boti mbili, tunataka kijana azame aparuze chini wakati boti iko majini, apumue kwa mpira kutoka kwenye kompresa ya karakana. Ina separeta mpya na filta mbele yake. Inatosha? (Mkoani, Pemba)

Haitoshi, na nakuomba usimruhusu kijana azame hata mara moja.

Separeta inakamata matone ya oili. Mvuke wa oili unapita, na gesi ya kaboni monoksaidi inapita, haina rangi wala harufu, na inaweza kuzaliwa ndani ya kompresa yenyewe oili ikipata moto sana au ikavutwa kutoka kwenye ekzosi ya jenereta iliyo jirani. Chini ya maji presha inaongezeka na kila sumu iliyomo kwenye hewa inamzidia mzamiaji. Atalegea pale chini na nyie juu mnaona mpira tu. Ule ukungu wa oili nao ukiingia kwenye mapafu hautoki, unaleta nimonia ya mafuta ambayo dawa ya vijidudu haiiwezi.

Hewa ya kuvuta ina kiwango chake. Kile cha Ulaya, EN 12021, kinataka oili isizidi miligramu 0.5 kwa mita moja ya ujazo na kaboni monoksaidi isizidi sehemu 5 katika milioni. Separeta nzima ya kiwandani inaachia 3, nishasema hapo juu. Kompresa za wazamiaji zinazojaza mitungi kwa bar 200 na zaidi ni mashine nyengine kabisa, za pistoni hatua tatu nne, kila hatua ina mahali pa kutolea maji na oili, na mwisho kuna filta yenye mkaa maalumu wa kunyonya mvuke na chembe za kukausha, na filta hiyo ina umri, kwenye joto letu umri wake unapungua sana kuliko kwenye nchi za baridi. Kodisheni mzamiaji mwenye vifaa vyake, au muipandishe boti juu wakati wa bamvua maji yakitoka. Kazi hiyo wazee walikuwa wanaifanya pwani tu.

Fundi, oili ya zamani na yale maji yanayotoka kwenye kompresa tumwage wapi? Sisi tumezoea nyuma ya banda. (Mwera)

Acheni nyuma ya banda. Kisiwa chetu kwa sehemu kubwa chini ni jiwe la matumbawe, lina matundu, kinachomwagwa juu kinapita kinafika kwenye maji ya visima tunayokunywa, na oili kidogo tu inaharibu maji mengi. Wekeni pipa lenye mfuniko, kivulini, liandikwe, oili chafu yote iingie humo na muikabidhi kwa wanaokusanya oili chafu.

Maji ya kompresa yana pipa lake. Yakitulia siku mbili tatu oili inaelea juu, ichoteni muitie kwenye pipa la oili. Yakiwa yamebaki meupe, oili bado imo ndani haijajitenga, hayo nayo yaende pamoja na oili chafu, yasiguse ardhi. Na separeta mliyoitoa isimamisheni juu ya trei usiku mzima ichuruzike kabla ya kuipeleka popote, mtashangaa itakavyotoa.